Swali la Saba

Karatasi thelathini na nne zimelala mezani,
kalamu nyekundu inakwaruza bila wino,
na chai yangu ya majani ya koka imepoa
kabla sijafika katikati ya orodha.
Huku El Alto baridi haibishi hodi.
Huingia, ikaketi, ikakutazama ukisahihisha.

Nilitunga maswali ishirini Jumapili,
alama tano kila moja, nikijisifu kimoyomoyo:
mepesi mwanzoni, asije mtoto akafa moyo mlangoni,
magumu mwishoni, aliyepanda aone alikofika.
Nikafuta "isipokuwa".
Nikafuta "majibu yote hapo juu".
Vijineno hivyo ni mitego ya panya,
nami sikutaka kunasa mtu.
Nilitaka kujua.

Sasa nachora jedwali.
Kumi walioongoza, kumi walioburura mkia,
na kwa kila swali nahesabu vijiti:
wangapi wa juu wamepata, wangapi wa chini.
Swali zuri hupepeta kama ungo,
mchele huku, chuya kule
(nafuta "chuya";
hawa ni watoto, na usiku umekuwa mrefu).

La kwanza limepita. La pili. La sita limeyumba kidogo.
La saba limenigomea.

Wa juu: wawili.
Wa chini: tisa.

Nikahesabu tena, vidole vyenye baridi hudanganya.
Wawili. Tisa.

*Maji huchemka kwenye nyuzijoto ngapi?*
Jibu langu: mia moja.
Limber Colque, anayekariri kama anayemeza vidonge,
macho kayafumba, maji juu,
ameandika mia. Nimempa tano.
Yésica Huarachi ameandika themanini na saba.
Grover Tarqui, themanini na saba na nusu,
nusu hiyo ni yake, hajawahi kukubaliana na mtu.
Wote nimewapiga kosa
hadi wino ukatokea upande wa pili.

Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa sisimizi,
Yésica ameniuliza:
*Kwa mama sokoni viazi huchemka saa nzima
na bado vigumu. Mwalimu, hiyo ni mia ya wapi?*

Mia ya wapi.

Mwezi wa Mei ni mimi niliyebeba jiko la gesi darasani,
mkono wangu ndio ulioshika kipimajoto,
mvuke ukanitia ukungu kwenye miwani,
nikawaambia: msiniamini mimi, someni mstari.
Wakausoma.
Kisha Jumapili, kwa uvivu wa dakika moja,
nikanakili swali kutoka kitabu
cha mtu aliyeketi usawa wa bahari,
bahari ambayo sisi hatuna,
nikawashushia kipimo cha pwani
watoto wanaoishi jirani na mawingu.

Jedwali halina adabu. Halijali cheo.
Nilidhani nawapima, kumbe ubao wa mizani
una pande mbili, na upande wa pili nimekaa mimi.
Nachukua karatasi ya majibu,
naandika juu yake: Quisbert, Eulalia.
Swali la saba: sifuri.

Hadi hapo ni rahisi.
Kusahihisha kosa la Yésica, rahisi.
Kumrudishia Grover alama zake, na nusu yake, rahisi.

Lakini Limber ana hamsini na tano.
Kufaulu ni hamsini na moja.
Nikilitoa swali la saba mfukoni mwake
anabaki na hamsini, moja tu chini ya mstari,
mstari niliouchora mwenyewe kwa rula iliyopinda.
Alijibu nilichouliza.
Hakujua nilichotaka kujua.

Nimeiweka karatasi yake pembeni, peke yake,
chini ya kikombe.
Nimeandika kwa penseli, si kwa wino:
*Jumatatu njoo mapema. Tutachemsha maji.*
Limber hajawahi kufika mapema.